Biskuti ya Kwanza Dirishani

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa mlangoni mara mbili kabla ya kuruhusiwa kushika unga. Mara ya kwanza ilikuwa kwa sababu ya kucha, mara ya pili kwa sababu ya mafuta ya nywele, ambayo Biji alisema yangenukia ndani ya keki. Nilirudi bombani nikajisugua, nikajifunga kitambaa kichwani, nikasimama tena mlangoni na hasira zangu za msichana aliyetoka Myanga akidhani anajua kupika. Hiyo ilikuwa Kitale, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nyinyi mnaojifunza keki kwa kutazama simu huku unga ukimwagika sakafuni, hamngemaliza asubuhi moja jikoni mle.

Biji alikuwa mjane wa Kalasinga mmoja aliyeuza vipuri vya matrekta. Hakuwa na bekari wala kibao barabarani. Alipikia nyumbani kwake vitu vitamu vya wageni na marafiki: keki za siku ya kuzaliwa, biskuti za chai, na zaidi ya yote nankatai, zile biskuti nene za samli na iliki zinazopasuka juu zikiiva. Jirani alianza kuomba, kisha wake wa wakulima, kisha walimu, mpaka kazi ikamzidi akatafuta msichana wa kumsaidia. Sisi sote tulimwita Biji kama wanawe walivyomwita, neno lao la kumheshimu mama wa nyumba.

"Jina?" aliniuliza siku ile, bila kuinua macho kutoka kwenye bakuli.

"Naliaka."

"Hiyo nasema nini?"

"Nilizaliwa wakati wa palizi, Biji."

"Mzuri. Mtu ya palizi najua kuinama." Akanipa chekeche, nikaanza kuchekecha unga.

Alinitaja kwa jina hilo siku zote nilizokaa naye. Wengine mjini waliniita "wewe," au "msichana," na baadaye "Mama Wafula" nilipoolewa na kuzaa. Mimi sikumuuliza lake. Haikunijia akilini kwamba mtu kama yeye ana jina.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Nankatai haina yai wala maji. Unapiga samli na sukari iliyosagwa kwa kiganja, si kwa mwiko, mpaka igeuke nyeupe na kuwa nyepesi. Biji aliita hatua hiyo kuamsha samli. Kisha unatia unga wa ngano uliochekechwa mara mbili, unga wa dengu kidogo ili isagike ulimini, iliki iliyotwangwa papo hapo, na bekingi poda ya kuokota kwa ncha ya kisu. Hukandi kama chapati. Unakusanya tu, kwa sababu ukikanda biskuti itakuwa kokoto, na kokoto zangu za wiki ya kwanza zililiwa na mbwa kwa shida. Halafu unaviringa vidonge, unavipanga kwenye trei, na kila kimoja unakibonyeza katikati kwa dole gumba.

Hapo kwenye dole gumba ndipo kila mpishi huacha saini yake. Langu lilizama. "Mkono yako naongea kwa nguvu sana, Naliaka," Biji angesema akicheka. Lake lilikuwa tofauti na la mtu yeyote, maana nusu ya dole gumba lake la kulia haikuwepo. Mashine ya kukatia ng'ombe majani iliichukua akiwa mtoto. Kwa hiyo biskuti zake zilikuwa na shimo pana lisilo na kina, na kijistari upande mmoja pale kovu lilipogusa. Ungezichanganya na zangu mia moja, bado ungezitambua.

Kulikuwa na sheria moja ambayo sikuelezwa sababu yake. Trei ya kwanza ilitoka saa nne asubuhi. Biskuti ya kwanza ya safu ya mbele iliwekwa kwenye kisahani cheupe chenye ufa, kisahani kikawekwa dirishani, na hakuna aliyeigusa. Jioni haikuwepo. Sikuwahi kuona nani aliiondoa, na nilikuwa jikoni mle kutwa. Siku moja nilijikaza nikauliza ni ya nani.

"Ya yule hayuko," alijibu, akaendelea kuosha bakuli.

Nilikaa naye miaka saba. Kilichonitoa ni keki. Mama mmoja mrefu, Afisa wa Wilaya wa mambo ya mapishi na lishe kule Bungoma, alikuja kuchukua keki ya kumuaga mwenzake, akaonja vipande vya ukingoni, akaniuliza kama ningependa kufundisha vikundi vya akina mama. Tulimwita Madam. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Nilipomwambia Biji, hakukasirika. Alinikalisha kwenye kiti cha jikoni, yeye akasimama, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea.

"Enda. Kazi ya serikali iko pensheni," alisema. "Lakini nipe neno moja. Siku mimi nakufa, watu nakuja hapa kukaa, nakunywa chai. Hawa bibi ya vijana yangu natoa biskuti ya duka. Mimi sitaki biskuti ya duka. Wewe nakuja, napika na mkono yako."

"Nitakuja, Biji."

"Sema tena."

"Nitakuja."

Bungoma nilifundishwa upya. Nilimuuliza Madam oveni iko wapi, naye akanitazama toka kichwani hadi miguuni. "Hapa hakuna oveni, dada. Oveni ni wewe." Alimaanisha sufuria kubwa yenye mchanga wa mto, ndani yake sufuria ndogo yenye keki, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Mchanga unashika joto na kuligawa sawasawa. Ili kujua kama limefika unatupa kipande cha karatasi ndani, ukihesabu polepole hadi thelathini. Ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, weka keki. Ikiwa nyeusi, punguza makaa na umwombe Mungu. Ili kujua kama keki imeiva unachoma kijiti katikati, na kikitoka kikavu unaepua. Kwa njia hiyo nilipikisha akina mama wa Chwele siku za soko, wa Myanga kwetu, na wa Kapsokwony kule mlimani, ambako baridi iliiba joto la makaa na kila kitu kilichelewa kuiva. Iliki ilikuwa ghali, hivyo tulikwangua maganda ya ndimu badala yake. Nilifurahia kazi ile kuliko nilivyowahi kumwonyesha mtu.

Habari ilinifikia sokoni Chwele. Mama mmoja muuza kabeji aliyekuwa akitoka Kitale alinishika mkono. "Si wewe ulikuwa kwa Biji? Amekufa, bana. Wamemchoma jana, kwa desturi yao. Ati watu wanakaa pale nyumbani mpaka Jumapili."

Sasa nitasema ukweli wangu, maana sijauandika mahali pengine. Jumamosi hiyo nilikuwa na maonyesho ya mapishi Kapsokwony, na Bwana Tarafa mwenyewe angekuja kuonja. Nilijua Madam angenipa ruhusa, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. Sikuomba hata hiyo ruhusa. Nilitaka Bwana Tarafa anione. Nilijiambia nitakwenda Jumatatu, na Jumatatu ilipofika niliona aibu, na aibu ikikaa siku tatu inaota mizizi. Sikwenda.

Jumamosi ile akina mama kumi na wawili walibonyeza nankatai kwenye sinia, mimi nikiwasimamia. Tulipofunua sufuria, mama mmoja alinusa, akasema, "Mwalimu, hii iliki umetoa wapi?" Hatukuwa na iliki. Nilikuwa nimekwangua ndimu kwa mkono wangu, mbele yao. Nikainama kuitazama sinia. Biskuti ya kwanza ya safu ya mbele ilikuwa na shimo pana lisilo na kina, na kijistari upande mmoja.

Niliwaomba akina mama waniletee mikono yao. Nikajifanya nakagua kucha, kama nilivyokaguliwa mimi. Madole gumba yote yalikuwa mazima. Bwana Tarafa alifika, akasifu, akapiga picha nasi. Ile biskuti nilikuwa nimeificha mfukoni mwa aproni, na nilipofika nilikolala nikaisaga na kuwatupia kuku wa mwenye nyumba. Walikuja mbio, wakaizunguka, wakasimama. Hakuna aliyedonoa.

Tangu hapo kila sinia ya kwanza ilikuwa nayo. Chwele ilikuwepo, na Myanga pia. Ilikuwa ile ya mbele, moja tu, na iliki hewani. Niliacha kufundisha nankatai nikafundisha keki na mandazi, na Madam akaandika kwenye ripoti kwamba nimepanua mtaala. Mume wangu nilimwambia nimechoka, jambo ambalo lilikuwa kweli vilevile.

Mwaka uliofuata nilijifungua msichana. Siku tatu za kwanza alikuwa mtulivu. Siku ya nne, saa nne asubuhi, alianza kulia, akalia mpaka jua lilipotua. Kesho yake vivyo hivyo, saa ileile. Aliligusa titi kwa mdomo na kuliacha. Hospitali walimpima, wakasema hana ugonjwa, wakatupatia maji ya sukari na chumvi. Wiki ya pili mbavu zake zilihesabika. Nilimpakata huku nikijua ninamwona mwanangu akiisha mikononi mwangu, na kwamba walio karibu nami wanajua hivyo na hawasemi.

Mama mkwe wangu ndiye aliyesema. "Huyu hana homa. Analilia jina." Kwetu mtoto hulia hivyo pale marehemu fulani anapotaka kukumbukwa kwa jina lake. Bibi husimama mlangoni na kuyataja majina ya waliotangulia, mmoja mmoja, na mtoto akinyamaza na kunyonya, basi huyo ndiye aliyekuja. Mama mkwe alitaja wa upande wa baba mpaka wakaisha. Akataja wa upande wangu, shangazi zangu na bibi zangu, hata mjomba aliyepotelea Uganda. Mtoto alilia tu.

Ilikuwa mchana, jua kali, kuku wanapekua uani. Mama mkwe alikuja akaketi mbele yangu, akaniangalia machoni.

"Mama Wafula, kuna mtu wako amekufa na hujatuambia?"

"Kuna mmoja. Lakini si wa ukoo."

"Mimi sijauliza ukoo. Anaitwa nani?"

"Biji."

Akasimama mlangoni akaita, "Biji!" Mtoto alikatiza kilio. Alifumbua macho akatazama kule mlangoni, mtoto wa wiki mbili. Kisha alilia kwa sauti ambayo hakuwa ameitoa kabla, na nilihisi kama ninagombezwa.

"Iko karibu," mama mkwe alisema, akirudi. "Lakini hiyo si jina. Hiyo ni cheo. Hakuna mtu anazaliwa akiwa mama. Jina lake!"

"Silijui."

"Miaka saba unakula kwa mtu, na jina lake hujui?"

Naweza kuwatajia vipimo vyake vya samli mpaka ncha ya kijiko. Najua aliamka na mguu gani, na alipenda chai yake na tangawizi kiasi gani. Jina la mtu yule aliyeniuliza langu na maana yake, sikulijua.

Kesho yake alfajiri tulikwenda Kitale, mimi, mama mkwe na mtoto mgongoni. Nyumba ilikuwa ileile, mlango uleule. Mke wa mwana mkubwa wa Biji alitufungulia. Alikuwa mwanamke mkimya ambaye zamani hatukuwa tukisemezana sana. Alinitazama, akamtazama mtoto.

"Naliaka," alisema. "Tulikungoja. Siku tatu watu walikunywa chai na biskuti ya duka. Mzee mmoja aliuliza, yule msichana wa Biji yuko wapi? Mimi nikasema, atakuja, alimpa mama neno."

"Nimekosa," nilimwambia. "Sina la kujitetea. Nimekosa."

Alitupeleka jikoni. Palikuwa pasafi, pamekauka, jiko la oveni limefunikwa kitambaa. Dirishani kilikuwa kimekaa kisahani cheupe chenye ufa, kitupu.

"Mimi sipiki," alisema. "Hakuna mtu anapika hapa tangu yeye aende. Hicho kisahani nakiosha, nakiweka kabatini, nafunga. Nikirudi, kiko dirishani. Nimechoka kukirudisha." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayelalamikia bomba linalovuja.

Saa ya ukutani ilifika saa nne. Mtoto akaanza kulia. Mama mkwe wangu hakupoteza muda. "Mama yangu, tumekuja kuuliza kitu kimoja tu. Huyu mama yenu, jina lake alilopewa na wazazi, lilikuwa nani?"

Mke wa mwana alishangaa, kisha uso wake ukalegea. Nadhani na yeye ilikuwa muda mrefu tangu alitamke.

"Harbans," alisema. "Harbans Kaur."

Kilio kilikatika katikati. Hakikupungua kidogo kidogo, kilikatika tu, na ukimya ulioingia jikoni mle ulinifanya nipapase mgongoni kwa hofu nikidhani amekufa. Nilimteremsha. Alikuwa macho, mkavu wa machozi, akitazama dirishani. Nilimpa titi akalishika, akanyonya mpaka akasinzia na maziwa yakimtoka pembeni mwa mdomo. Nililia mimi sasa, na mke wa mwana akalia, kila mmoja akiangalia upande wake.

Kisha nilifunga aproni. Mama mkwe alimbeba mtoto, mke wa mwana akaleta samli, na nikaamsha samli ile kwa kiganja kama nilivyofundishwa. Nilitwanga iliki. Nilibonyeza kila moja taratibu, nikijitahidi mkono usiongee kwa nguvu. Trei ilipotoka niliinama juu ya safu ya mbele. Zote zilikuwa zangu. Niliichukua ya kwanza nikaiweka kwenye kisahani, dirishani, na majirani wakaitwa kuja kunywa chai. Nilikuwa nimechelewa karibu mwaka mzima.

Tulipokuwa tukirudi, niliuliza kama wazee wa nyumbani watakubali mtoto wa Kibukusu aitwe jina la Kihindi. Mama mkwe alinikata jicho. "Wakikataa, wakae naye wao saa nne asubuhi." Hawakukataa. Aliandikishwa Harbans, na bibi yake, kama watu wengi wa kwetu, akamwita Halbansi mpaka alipofariki.

Niliendelea na kazi Bungoma kwa miaka mingine, na nankatai nikaanza kuifundisha tena. Ile alama haikurudi. Wakubwa walibadilika: Madam alihamishwa, akaja Afisa mwingine aliyependa makaratasi kuliko makaa, kisha mwingine ambaye hakula sukari kabisa na bado alitusimamia. Kila nilipoanza na kikundi kipya, somo langu la kwanza halikuwa unga. Nilimzungukia kila mama nikimuuliza jina alilopewa na wazazi wake, si la mtoto wake, na jina hilo lina maana gani. Walicheka, wakaona haya, wengine walifikiri kwanza ndipo wakajibu. Wakubwa waliona ninapoteza muda, nami niliwaacha waone hivyo.

Mwishoni mwa miaka ya tisini walipunguza wafanyakazi nami nikastaafu mapema. Sherehe tuliifanyia nyumbani Myanga, na hotuba zilikuwa fupi kwa hisani ya mvua. Biskuti za wageni alizipika Harbans, akiwa darasa la tatu. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikamtazama, yeye akiwa amesimama. Anabonyeza kwa ubavu wa dole gumba, hivyo shimo lake ni pana, halina kina. Dole lenyewe ni zima. Mimi sikumfundisha kubonyeza hivyo, na kuhusu kisahani cha dirishani sikuwahi kumwambia chochote, kwa sababu nyumbani kwangu sikuthubutu kukiweka.

Sinia ilipotoka, alichukua biskuti ya kwanza ya safu ya mbele. Akatafuta kabatini kisahani, akachagua kilichopasuka, akakiweka dirishani.

"Hiyo ni ya nani?" nilimuuliza.

"Ya yule hayuko," alisema, akaanza kuosha bakuli.

Mvua ilikuwa inapiga mabati, wageni wanacheka sebuleni. Sijui kwa nini nilisema nililosema. Labda kwa sababu siku ya kustaafu mtu huhesabu kilichobaki.

"Harbans, siku yangu ikifika, watu watakuja hapa kukaa na kunywa chai. Utanipikia kwa mkono wako?"

Aliliweka bakuli chini. Alikausha mikono kwenye aproni, kidole baada ya kidole, kisha akageuka akanitazama kwa utulivu ambao mtoto wa umri ule hana.

"Ndiyo, Naliaka," alisema. "Mimi nitakuja."